Aketiye Forodhani na Apitaye Forodhani



Waamini wapendwa, nanyi viongozi wa walei mnaoshirikiana nasi katika kulichunga kundi la Bwana,

Biblia zetu za Kiswahili zinasimulia kwamba Bwana wetu alipomwita Mathayo alimkuta ameketi forodhani. Hakumkuta hekaluni akisali, wala shambani akilima. Alimkuta kwenye meza ile ambayo watu waliiogopa na kuichukia, mahali ambapo mzigo wa mtu hufunguliwa hadharani, ukapekuliwa na kutajiwa bei. Sisi tunaoishi karibu na mipaka, nasi ambao ndugu zetu wanakwenda kutafuta riziki ng'ambo, hatuhitaji kufafanuliwa forodha ni nini. Tunaijua. Tatizo letu ni kwamba tunaijua kwa hofu, wala hatuijui kwa sheria zake.

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya ardhi, ndoa, mirathi na uchaguzi. Leo naomba niandike juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: simu, kompyuta, runinga na kamera ambazo mtu hununua ugenini na kurudi nazo nyumbani. Mkiniuliza kwa nini padre ajiingize katika mambo ya ushuru, nitawajibu kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

NILIYOYAFANYA

Mwaka 2018 nilirudi nyumbani kutoka masomoni Ulaya. Katika sanduku langu mlikuwa na kompyuta niliyoitumia miaka yote ya masomo, na projekta mpya ambayo wafadhili walininunulia kwa ajili ya semina za parokia. Risiti ya projekta ile ilionyesha bei inayolingana na dola 700 hivi. Nilipofika meza ya forodha ofisa aliitazama kola yangu, akatabasamu, akasema, "Padre, karibu nyumbani. Pita." Nikapita. Sikuulizwa neno, nami sikusema neno.

Nyuma yangu alikuwapo dada mmoja aliyerudi kutoka Uarabuni, alikokuwa akifanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Alikuwa na runinga ndogo katika boksi lake, simu mbili mpya za wadogo zake, na simu yake mwenyewe iliyochakaa. Nilisimama kando nikingoja mwenzangu, nikaona boksi likifunguliwa na mazungumzo yakigeuka kuwa ya sauti ya chini. Baadaye nilimkuta nje akiwa na mizigo yake yote, lakini anaomba nauli ya basi. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu kwamba aliambiwa achague: laki tano kwa karatasi, au laki tatu bila karatasi. Akatoa laki tatu. Runinga ilimgharimu dola 200, na kila simu dola 120. Nilimpa nauli, nikamwombea baraka, nikaondoka nikijiona Msamaria mwema.

Baada ya miezi kadhaa, nilipokuwa nikiandaa semina ya Haki na Amani, niliisoma sheria yenyewe. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Vitu vyote vipya vya dada yule vilikuwa na thamani ya dola 440, na ukomo wa msamaha kwa msafiri wakati ule ulikuwa dola 500. Kwa kipimo hicho cha thamani hakudaiwa kitu. Projekta yangu ilikuwa imeuvuka ukomo, tena haikuwa kitu changu cha kutumia, bali mali ya parokia. Aliyepaswa kulipa alipita akitabasamiwa. Asiyedaiwa alilipa, akakosa hata nauli.

SHERIA INASEMA NINI

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliunda Umoja wa Forodha ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2005, nazo huongozwa na sheria moja ya forodha iliyotungwa mwaka 2004. Jedwali la Tano la sheria hiyo ndilo linaloeleza mizigo ya abiria. Nitalieleza kwa ufupi, kwa maana giza ndilo linalomlisha mwenye tamaa.

Kwanza, mkazi anayerejea kutoka safarini halipi ushuru kwa nguo zake wala kwa vyombo vyake binafsi na vya nyumbani ambavyo amekwisha kuvitumia. Simu uliyoondoka nayo, au kompyuta uliyoitumia masomoni, ni za kundi hili. Anayehama kabisa kutoka makazi yake ya ng'ambo naye hutambuliwa kwa vyombo alivyovitumia huko.

Pili, kwa vitu vingine, yaani vile vipya ulivyonunua, upo msamaha wenye ukomo wa thamani. Kuupata kuna masharti: uwe umekaa nje zaidi ya saa 24, vitu uwe navyo mwenyewe katika mzigo wako, na uvitaje kwa ofisa. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Msamaha ni wa yule anayetaja. Anayeficha hupoteza haki ambayo angepewa bure.

Tatu, msamaha hauwahusu wafanyabiashara. Bidhaa za kuuza, au vitu vilivyoletwa ili kukabidhiwa watu wengine, haviwi mali binafsi kwa sababu tu vimefungwa katika kanga. Simu kumi za aina moja katika begi moja zinajieleza zenyewe. Hata zawadi zinaweza kuhojiwa. Nakiri kwamba ofisa yule angeweza kuhoji zile simu mbili za wadogo wa dada yetu. Lakini kama alikuwa na hoja, alipaswa kuiandika na kutoa hesabu yake, si kumnong'oneza.

Nne, panapokuwa na kodi, hesabu yake haitoki kichwani mwa mtu. Thamani huanzia katika bei iliyolipwa kweli, pamoja na gharama za usafiri na bima. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulianza na mafungu matatu: asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 likaongezwa fungu la asilimia 35. Kompyuta zimekuwa kwa miaka mingi katika fungu la sifuri. Juu ya ushuru huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara ni asilimia 18. Tuchukue mfano wa kifaa cha thamani ya shilingi 600,000 kisicho na msamaha, kilichomo katika fungu la asilimia 25. Ushuru wake ni shilingi 150,000. Kodi ya ongezeko la thamani hupigwa juu ya jumla ya 750,000, nayo ni shilingi 135,000. Jumla ni shilingi 285,000, mbali na tozo nyingine ndogo. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuihakiki hesabu hiyo. Kwa hiyo basi, anayekataa kuionyesha ana sababu yake.

Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara kwa matangazo ya serikali na ya Jumuiya. Msiikariri karatasi hii kama sala za Rozari. Mwezi wa Novemba 2023, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri ule ukomo wa dola 500, watu wengi walipiga kelele kana kwamba imetungwa sheria mpya, kumbe ilikuwa ya zamani. Ulizeni kabla ya safari ni kiwango gani kinachotumika siku hiyo.

KOSA LA MPAKA WA NCHI KAVU

Waamini wa parokia za mipakani, Namanga, Holili, Sirari, Mutukula na kwingineko, wana kosa la namna nyingine. Wamesikia kwamba Jumuiya imeondoa ushuru kati ya nchi wanachama, nao wakadhani kwamba simu iliyonunuliwa Nairobi au Kampala huvuka kama mahindi. Sivyo. Msamaha huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya kwa mujibu wa kanuni zake za uasili. Kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo upo utaratibu rahisi wa kuvusha bidhaa za namna hiyo zisizozidi dola 2,000, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, kwa cheti chepesi kinachotolewa hapo hapo mpakani. Mama mwenye maharage na vitunguu anafaidika nao, na anapaswa kuujua na kuudai. Lakini simu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuuzwa katika duka la Nairobi, na kodi iliyolipwa huko iliingia katika hazina ya Kenya.

Kwa kutojua tofauti hiyo vijana wetu wengi hukimbilia njia za panya. Huko hupoteza mali, na wengine hupata majeraha au vifungo, kwa ajili ya simu ambayo pengine ingepita mezani bila malipo, au kwa malipo madogo.

TUIPIME KWA NURU YA IMANI

Hofu ya forodha ni urithi wetu. Wazee wanakumbuka mpaka wetu na Kenya ulivyofungwa mwaka 1977 na kufunguliwa mwaka 1983, na jinsi mwaka huo huo, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walivyozitupa mali zao usiku kwa woga. Aliyelelewa katika hofu hiyo hujifunza mambo mawili tu: kuficha na kuhonga. Lakini hofu haiwezi kuwa dhamiri ya Mkristo.

Kanisa halifundishi kwamba kodi ni uonevu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaweka kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia, na kukwepa kodi inakuhesabu pamoja na makosa dhidi ya amri ya saba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, ulisikitikia wale wanaotumia hila kukwepa kodi za haki. Sababu iko wazi. Dawa za zahanati na mshahara wa mwalimu havitoki mbinguni kama mana. Tena mwenye duka dogo aliyelipa ushuru wa simu zake anaonewa na jirani yake aliyezipitisha usiku.

Lakini Kanisa hilohilo linasoma Injili ya Luka. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasitoze zaidi ya kile walichoamriwa. Hayo ndiyo maadili yote ya forodha kwa ufupi. Naye Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kwenye machozi. Alitaja hesabu, na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, dhambi ya meza ile ina wenyewe watatu. Yupo msafiri anayeficha, kisha akitikiswa anatoa hongo na kujiona mjanja. Wazee walioikariri ahadi ya TANU wanakumbuka kwamba ilitaja kupokea rushwa na kutoa rushwa kwa pumzi moja; hata sheria yetu ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa inawashika wote wawili. Yupo ofisa anayeigeuza meza ya umma kuwa gulio lake. Wengi wa maofisa wetu ni waaminifu, na baadhi yao tunakula nao Mwili wa Bwana kila Dominika. Kwa hao narudia kusema kwamba wito wa Mathayo ulitolewa pale pale kazini. Wa tatu ni sisi wenye kuheshimiwa, tunaopitishwa kwa kola, kwa cheo au kwa kujuana. Sisi hatutoi hongo wala hatufokewi. Lakini kila tunapopita bila kuulizwa, uzito wote wa meza ile unaangukia begi la maskini anayefuata.

Na serikali zetu nazo zina deni. Sheria inayomgusa mtumishi wa nyumbani haifai kuishi katika vitabu vya Kiingereza peke yake. Sheria isiyojulikana humfanya ofisa mbaya kuwa mtunga sheria, na humwacha ofisa mwema bila ushahidi wa wema wake. Bango moja la Kiswahili, lenye ukomo wa siku hiyo na mfano wa hesabu, lingewekwa mbele ya kila meza ya forodha, lingelinda haki kuliko hotuba zetu nyingi.

TUFANYE NINI

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 baada ya Sinodi ya Afrika, alitaka tume za Haki na Amani ziundwe katika ngazi mbalimbali za Kanisa. Hazikuundwa ili zikutane mara moja kwa mwaka na kunywa soda. Napendekeza haya.

Kila anayesafiri atunze risiti za vitu alivyonunua, na avitaje vyote mezani kwa ukweli, hata kama hakuulizwa. Anayetoka na kamera au kompyuta ya thamani abebe ushahidi kwamba ni yake tangu awali, au aombe forodha iandikishe namba yake kabla hajaondoka. Simu kila moja ina namba yake ya utambulisho. Bonyeza *#06#, uiandike mahali salama.

Akidaiwa kodi, aombe kwa adabu kuonyeshwa hesabu: thamani, asilimia, jumla. Alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na kuchukua risiti. Pasipo risiti hapana kodi. Iliyopo ni hongo. Kitu kikizuiliwa, adai hati ya maandishi. Asiporidhika na uamuzi, sheria inampa siku 30 kuomba kwa Kamishna uangaliwe upya. Hapa Tanzania, akiombwa rushwa, aweza kupiga 113, namba ya TAKUKURU, bila malipo.

Halmashauri za Walei za parokia zinazotoa vijana na dada wengi kwenda ng'ambo ziwaite kabla hawajaondoka na kuwaeleza mambo haya, pamoja na haki zao za kazi. Parokia za mipakani ziwaalike maofisa wa forodha waje kufundisha. Wengi wao watafurahi kuitwa walimu badala ya wezi.

Nasi mapadre na watawa tupange foleni.

Nimalize habari yangu. Nilikwenda ofisi ya forodha na risiti ya projekta. Ofisa niliyemkuta alicheka kwa upole, akasema, "Padre, hilo lilikwisha zamani." Nikamwambia kwamba kwangu halijaisha. Alikaa, akakokotoa, nikalipa, na risiti ninayo. Lakini dada yule sikumwona tena. Sikumwuliza jina wala parokia yake. Laki tatu zake, jasho la nyumba ya watu, hakuna ofisi niwezayo kuzirudisha. Zakayo aliwajua aliowadhulumu; mimi namjua mmoja kwa sura tu, na sikumdhulumu kwa mkono bali kwa kupita. Ndiyo sababu nimeandika. Huenda yumo miongoni mwenu. Au huenda mmoja wenu atasimama kesho nyuma ya mtu mwenye kola kama yangu, naye atajua la kusema.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni nani katika jumuiya yetu amewahi kulipa forodhani bila risiti? Kwa nini alikubali?

2. Je, sisi wenyewe tumewahi kupitishwa kwa cheo au kwa kujuana? Ni nani aliyebaki nyuma yetu?

3. Someni Luka 3:10-14. Yohane angewaambia nini leo ofisa, msafiri na mfanyabiashara wa kijijini kwetu?

4. Nani kati yetu anajiandaa kusafiri, na nani atamweleza haki na wajibu wake kabla hajaondoka?